Yule Mama Hatabasamu

Wale malaika wawili wadogo mnawajua. Mmoja ameshika kidevu, mwingine ameegemea mikono, macho juu kama watoto waliochoka kungoja chakula. Mimi niliwaona kwanza kwenye fulana ya mtumba hapa sokoni kambini, na miaka mingi nikadhani mchoro ndio huo tu. Kumbe wamekatwa. Wako chini kabisa ya mchoro wenye urefu wa zaidi ya mita 2 na nusu, ambao Papa Julius II alimwagiza Raphael wa Italia mwaka 1512, kwa ajili ya kanisa la watawa la San Sisto, mjini Piacenza.

Nilipowaletea vijana wa kikundi chetu picha nzima, malaika waliwaacha palepale. Walimtazama mama. Pazia la kijani limefunguliwa huku na huku, na Maria anatoka, miguu peku juu ya mawingu, shela imejaa upepo. Hakukalishwa kwenye kiti kama malkia. Anatembea, anakuja kwetu. Kushoto Mtakatifu Sisto amevua taji lake la Papa akaliweka chini, na mkono wake unaonyesha huku nje, tulipo sisi. Kulia ni Barbara, anatazama chini. Nyuma yake unachungulia mnara ambamo, kwa hadithi yake, baba yake alimfungia. Mama juu, watakatifu pembeni, malaika chini: unapata umbo kama kishada cha watoto, na jicho likizunguka linarudi palepale kwa mtoto.

Sasa huyo mtoto. Msichana mmoja, naye ana wa kwake mgongoni, akasema, "Kaka, mbona hawa wanaogopa?" Ni kweli. Mtoto macho yamemtoka, mama hatabasamu. Wataalamu wengine wanasema mkabala na mchoro, kanisani, palikuwa na msalaba, ndio wanaoutazama. Mimi nakubali. Raphael kuchora raha alijua sana. Hapa alichora mama anayejua anakompeleka mwanawe, na bado anapiga hatua.

Mchoro nao ukahama. 1754 uliuzwa, ukapelekwa Dresden, Ujerumani. Wakati wa vita ukafichwa handakini. 1945 jeshi la Kisovieti likaubeba hadi Moscow. 1955 ukarudishwa Dresden.

"Na wenye kanisa je?" akauliza yule msichana.

Piacenza wana kopi tu.