Mgagani, mboga ya mahame

Mvua za Novemba zikishaloweka vumbi la Mhunze, huku Usukuma, palipokuwa na zizi mwaka jana huota kijani kabla shamba lolote halijapandwa. Ni mgagani. Hakuna aliyeupanda.

Maua yake ni meupe, pengine yenye wekundu wa mbali, petali nne na nyuzi ndefu za zambarau zilizotawanyika kama miguu ya buibui. Ni ua zuri, na wengi wetu hatulioni kabisa: mama anayejua kazi hulikata likiwa tumba, maana mgagani ukishachanua majani hupungua na kukakamaa.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliuandika vitabuni kwa jina Cleome gynandra. Kwa Wasukuma mgagani ulikuwa umeshaingia chunguni zamani. Mmea huu hupenda samadi, na Msukuma ni mtu wa ng'ombe. Kaya ilipohama, zizi lilibaki mahame, na msimu uliofuata mahame yale yakawa bustani ya yeyote apitaye. Majani yalichemshwa kupunguza uchungu, yakaungwa kwa maziwa au karanga zilizotwangwa. Yaliyozidi yalikaushwa yakawa nsansa, mboga ya kiangazi, ya kulia ugali wa mtama wakati hakuna jani bichi hata moja porini.

Halafu ikaja pamba. Chini ya Waingereza zao hilo lilienea Usukuma kote, na mpango mkubwa wa maendeleo wa 1947 hadi 1956 ukaja na sheria zake za matuta na samadi. Pamba haivumilii jirani. Samadi ileile iliyopelekwa shambani kuilisha iliuamsha na mgagani, na jembe la palizi halikuuliza kipi huliwa. Nadhani hapo ndipo mboga yetu ilipoanza kuhesabiwa miongoni mwa magugu.

Kusema kweli, mgagani ukiachwa hutawala. Ganda lake jembamba, refu kama kidole au zaidi, hukauka, hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi zenye mikwaruzo. Mbegu mbichi hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Anayepanda aliyoivuna wiki iliyopita huulaumu udongo bure.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, na mahame yakawa mengi kuliko wakati wowote. Mboga ikabaki kule, walaji wakawa huku. Mwaka 2002 Kishapu ilipokuwa wilaya na Mhunze makao yake makuu, waliongezeka watu wa mshahara wasio na zizi wala mahame, wanaonunua mboga kwa fungu. Kwa watu kama hao mgagani hauwezi kungoja ng'ombe, lazima upandwe. Arusha nako, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa 1992 kinakusanya na kuchagua mbegu za mgagani, kazi ninayoiheshimu sana.

Anayetaka kuanza achukue mbegu ya msimu uliopita, aichanganye na mchanga, aimwage kwenye mistari ya samadi iliyooza na kuifukia kidogo tu. Achume vichwa vya miche ili itoe matawi. Miche miwili mitatu iliyonona aiache ichanue, na maganda yakianza kuwa ya manjano ayakate asubuhi na mapema, kabla jua halijayapasua.