Shamba na Mbegu

Tangu kale, msomaji, binadamu amezungumzia uzazi kwa lugha ya kilimo: mwanamume ni mpanzi, mwanamke ni shamba. Mfano huo waonekana hauna madhara. Lakini palipokosekana mavuno, lililolaumiwa ni shamba, mbegu haikuulizwa.

Sayansi nayo haikusalimika. Mwaka 1677, mjini Delft, Uholanzi, muuza vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek alitazama manii kwa hadubini aliyoiunda mwenyewe. Aliona viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea, akawaandikia barua wataalamu wa London. Ugunduzi ulikuwa mkubwa, ila tafsiri yake ilipotoka. Yeye na wengine walishikilia kwamba mtoto tayari yumo ndani ya mbegu, na kazi ya mama ni kumlisha tu. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora hata mtu mdogo aliyejikunyata kichwani mwa mbegu. Wapinzani wao walidai mtoto yumo ndani ya yai.

Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer alilitambua yai la mamalia. Mwaka 1876 Oscar Hertwig akaeleza jinsi kiini cha mbegu kinavyoungana na kiini cha yai, jambo aliloliona kwa mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba. Ubishi ukapata jawabu: mtoto ni wa wawili.

Hata hivyo, desturi huifuata maabara kwa mbali. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaona walimu wa kike, hodari kazini, wakirudishwa kwao kwa kukosa mtoto, ilhali waume zao hawajapimwa hata mara moja. Baadhi yao waliolewa kwingine wakazaa.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Hukaguliwa idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake; Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwanza wa kazi hiyo mwaka 1980. Kinachowazuia wengi ni aibu, kwa kuwa huchanganya ugumba na uhanithi. Hayo ni mambo mawili. Mwanamume mwenye nguvu zote za unyumba aweza kuwa hana mbegu, pengine kwa sababu ya kisonono kilichoziba mirija, matumbwitumbwi yaliyompata ukubwani, au mishipa iliyovimba kwenye korodani.

Leo yafahamika kwamba upande wa mume unahusika katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa watoto. Tena, tangu madaktari wa Brussels walipofanikiwa mwaka 1992 kupata watoto kwa kuidunga mbegu moja tu ndani ya yai, hata mwenye mbegu chache mno ana tumaini, ingawa gharama ni mzigo mkubwa.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wala hauzai. Mume anayemrudisha mkewe kwao kabla yeye hajapimwa amekata kesi bila kuusikiliza upande wake mwenyewe.