Posho: Jinsi Serikali Ilivyopanga Chakula Chetu

Ni desturi ya vyama kama chetu, baada ya kutoa hesabu ya fedha na kazi za mwaka, kuwapa wanachama maneno machache ya historia yenye faida kwa maisha ya sasa. Safari hii tumechagua neno moja ambalo kila nyumba katika Kenya hulitumia, nalo ni posho. Twataka kuonyesha ya kuwa chakula kilicho mezani petu hakikuja kwa bahati wala kwa hiari yetu tu, bali kwa sehemu kubwa kililetwa na amri, bei na mbegu za Serikali.

Asili yake, posho ni kipimo cha chakula alichopewa mpagazi au askari. Katika misafara ya zamani iliyotoka pwani, iliweza kuwa nafaka ya namna yo yote, au kitambaa cha kununulia chakula njiani. Leo mtu akisema posho katika Kenya, mara nyingi ataja unga wa mahindi. Neno limefinyika, na chakula chenyewe kimefinyika pamoja nalo.

Mahindi yaliletwa pwani na Wareno kutoka Amerika, lakini kwa miaka mingi huku bara yalikuwa zao moja tu kati ya mengi. Wazee wetu walikula wimbi, mtama, mawele, kunde, viazi vitamu, ndizi na mboga za majani. Vita ya 1914 hadi 1918 iligeuza mambo. Wapagazi wa jeshi, ambao jina la kikosi chao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor, walilishwa hasa unga wa mahindi. Unga uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka uliwadhuru watu waliozoea vyakula vingine, na maelfu walikufa kwa kuhara damu na magonjwa mengineyo. Hata hivyo, vita ilipokwisha, mashamba ya walowezi na kazi za mijini ziliendelea na posho ile ile, maana ilikuwa rahisi kununua, kupima na kuchukua.

Si kwamba Serikali haikuonywa. Mwaka wa 1931 mabwana John Boyd Orr na J. L. Gilks walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya afya ya Wamasai na Wakikuyu. Waliona ya kuwa mwanamume wa Kimasai, mla maziwa na nyama, kwa wastani alimzidi yule wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Wataalamu waliofuata wamesema kweli kwamba chakula peke yake hakielezi kila tofauti kati ya watu wawili. Lakini taarifa hiyo ilikuwa na jambo lingine lililostahili kusikilizwa zaidi: wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani kwa wingi, walikuwa na afya bora kuliko waume zao.

Sikio la Serikali lilikuwa kwenye gunia. Mwaka wa 1942 biashara ya mahindi iliwekwa chini ya amri, na mkulima Mwafrika akalipwa chini ya mlowezi kwa gunia lile lile. Mwaka uliofuata mvua ilipungua, njaa ikaingia, na Tume ikaundwa kuchunguza sababu za upungufu wa chakula.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, mkono wa Serikali ulibadilika, lakini macho yalibaki kwenye zao lile lile. Mwaka wa 1964 mbegu chotara ya mahindi kutoka Kitale ilianza kutolewa kwa wakulima, na mavuno yakaongezeka sana. Hatulaumu, sufuria nyingi zilijaa kwa sababu yake. Twasema tu ya kuwa wimbi, mtama na kunde havikupata rafiki kama huyo, ingawa mtama hustahimili ukame na kunde hurudisha rutuba katika udongo.

Tena Serikali hiyo hiyo imeonyesha kwamba yaweza kutenda mema zaidi. Mwaka wa 1978 iliamuru chumvi itiwe ayodini, ili kuzuia rovu. Mwaka wa 1979 watoto wa shule za msingi walianza kupewa maziwa. Mwaka wa 2009 ulianza mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa humu humu nchini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Mwaka wa 2012 viwanda viliagizwa kutia vitamini na madini katika unga. Lakini amri hiyo haimfikii vizuri mama apelekaye debe lake kwenye kinu kidogo cha kijijini, naye mara nyingi ndiye mwenye haja kuliko wote.

Basi somo ni nini? Serikali ilipohesabu magunia peke yake, ilishibisha matumbo na kuacha miili na udongo katika upungufu. Ilipouliza habari za afya, hata chembe ya chumvi ilifanya kazi kubwa. Kwa hiyo yatupasa sisi wanachama, tuketipo katika kamati za shule na mikutano ya kaunti, tusiridhike na jibu la magunia mangapi. Tuulize: Je, kuna maharagwe? Kuna mchicha, mnavu na kunde? Vimenunuliwa kwa mkulima wa jirani? Mbegu za wimbi na mtama zapatikana wapi, na kwa bei gani?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Posho ilikuwa kipimo alichopewa mtu asiyeulizwa. Sisi tunayo haki ya kuulizwa, na wajibu wa kujibu.