Gari la mbao: Yanayofaa kuzingatiwa kabla ya kujenga bodi juu ya chasisi kongwe

KATIKA enzi ya ukoloni, baadhi ya wanunuzi wa magari nchini Kenya waliletewa chasisi, injini na usukani pekee. Bodi ilijengwa na maseremala wa humu nchini, aghalabu wenye asili ya Kihindi. Gari hilo, lenye sanduku la mbao nyuma ya dereva, lilijulikana kama boksibodi.

Mbao ilipendelewa kwa kuwa ilipovunjika, ilitengenezeka popote palipo na msumeno. Faida hiyo hueleweka vyema Kainuk, mji ulio mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi katika barabara ya Kitale kuelekea Lodwar. Ni eneo lenye joto kali na vumbi, ambalo pia limewahi kukumbwa na mashambulizi ya majangili barabarani. Gari kukwama huko si usumbufu tu, bali ni hatari.

Chasisi kwanza

Kazi huanza na chuma, wala si mbao. Chasisi husuguliwa kutu hadi chuma kitupu kionekane, kisha hukaguliwa iwapo ina nyufa, hasa penye ribiti na pale springi zinaposhikiliwa. Iliyopinda hunyooshwa kabla ya kupimiwa bodi.

Mfano mashuhuri ni Ford Model T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927 na kupita idadi ya magari milioni 15. Chasisi yake nyembamba hujipinda gari linapopita kwenye mashimo. Bodi iliyofungwa kikiki kila upande hupasuka, kwa hivyo bolti huwekewa washa pana, na vipande vya mpira au ngozi hutiwa kati ya chuma na mbao.

Uteuzi wa mbao

Mvule ni miongoni mwa mbao zinazofaa, kwani hustahimili mchwa. Hata hivyo, mbao yoyote sharti ikaushwe ipasavyo. Iliyopasuliwa nyanda za juu za Kitale na kuteremshwa Kainuk ikiwa bado na unyevu husinyaa, na viungo hulegea. Ubao mpana usigongomelewe pande zote. Huachwa ucheze ndani ya mfereji wa fremu. Njiti za mbao za magurudumu ya kale nazo hukaguliwa, kwa maana hukauka na kuanza kutikisika.

Uzito, breki na moto

Model T ina nguvu za farasi 20 pekee, na breki zake hazifiki magurudumu ya mbele. Kila ubao unaoongezwa huongeza umbali ambao gari huhitaji ili lisimame. Aidha, katika miundo iliyotangulia 1926, petroli hutiririka kwa uzito wake kutoka tangi lililo chini ya kiti. Tangi likishushwa zaidi, injini hukosa mafuta mlimani. Bomba la moshi nalo liwe mbali na sakafu ya mbao, na bati liwekwe katikati.

Usalama na sheria

Mbao haiwakingi abiria gari linapogonga au kupinduka kama bodi ya kisasa ya chuma. Isitoshe, kubadilisha bodi hubadilisha maelezo ya usajili. Mwenye gari hana budi kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na gari likaguliwe kabla ya kutumika barabarani.

Ufundi wa gari la mbao, basi, haupimwi kwa mng'ao wa vanishi. Hupimwa kwa viungo visivyolegea, breki zinazotosha uzito uliobebwa, na bodi ambayo seremala wa kijijini anaweza kuitengeneza ili safari iendelee.