Rasi ya Ubwari na historia ya kuhesabu nyufa za miamba

Rasi ya Ubwari ni mgongo wa milima ulioingia ndani ya Ziwa Tanganyika, mkabala na mji wa Baraka katika wilaya ya Fizi, Kongo. Kati yake na bara kuna Ghuba ya Burton. Wavuvi wa Kibembe na Kibwari waliijua vizuri, ila wasafiri Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliidhani kisiwa. Ramani za Ulaya zilirekebishwa baada ya msafiri Stanley kulizunguka ziwa lote mwaka 1876. Kwa nini mlima usimame hapo, na ardhi izame mashariki na magharibi yake?

Jibu la awali lilitokana na safari ya mwanajiolojia J. W. Gregory nchini Kenya mwaka 1893. Alieleza kuwa ardhi imezama katikati ya mipasuko miwili sambamba, ikafanya bonde la ufa, kama lile lenye Ziwa Tanganyika. Maelezo hayo yalitawala kwa muda mrefu. Miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakiongozwa na Bruce Rosendahl walipima sakafu ya Tanganyika kwa mawimbi ya sauti. Walikuta mnyororo wa mabonde ambayo kila moja lina mpasuko mkubwa upande mmoja tu, safari hii upande wa Kongo, safari nyingine upande wa Tanzania. Ugunduzi huu ndio mkubwa kuliko yote katika habari hii, kwani ulidokeza kuwa mipasuko ilianza mbalimbali, ikarefuka, kisha ikakutana.

Kukutana huko ndiko watafiti wanakokuhesabu kwa modeli za kompyuta. Msingi wa hesabu hiyo ni kazi ya mhandisi Griffith ya mwaka 1921: nguvu hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na ufa hukua pale nishati inayoachiliwa inapotosha kuumba nyuso mpya za mwamba. Mwaka 1976 mtafiti Crouch alitoa njia ya kuugawa ufa katika vipande vidogo na kuhesabu jinsi kila kipande kinavyovisukuma vingine. Ncha husogezwa kidogo, hesabu hurudiwa. Mwaka 1989 watafiti Olson na Pollard walionyesha kwa njia ya namna hiyo kwamba nyufa mbili sambamba, ncha zake zikishapishana, huweza kupinda na kuelekeana. Ufa mrefu huupunguzia jirani yake mkazo, na ule mfupi hudumaa.

Mipasuko ya Tanganyika huteleza zaidi kuliko kufunguka, kwa hiyo msuguano na kina lazima viingizwe kwenye hesabu. Hata hivyo kanuni ni ileile: kati ya mipasuko inayopishana huweza kubaki pande la mwamba lililoinuka. Ubwari ni pande la namna hiyo.

Lakini modeli hizo haziwezi kutaja siku ya tetemeko. Lile la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea ziwani na kubomoa nyumba Kalemie, kusini mwa Fizi. Mipasuko inayopita karibu na Baraka inastahili kupimwa mahali ilipo, kwa vipima-tetemeko na kwa wanajiolojia wanaotembea kwa miguu, kabla ya majengo mapya kusimama juu yake.