Santuri Tatu za Juni 30: Jazz ya Kwetu na Jazz ya Hapa

Ijumaa jioni, kazi za wiki zikiisha, wapenzi wa muziki wa zamani katika miji yetu mitatu huulizana kwa simu swali moja: "Leo umeweka santuri gani?" Mmoja yuko Louisville, mwingine Columbus, mwingine Buffalo. Kila mmoja hupiga picha ya lebo, ile karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri, akawatumia wenzake. Hapo mjadala huanza: nani anapiga gita la solo, ilirekodiwa mwaka gani, nani anaitikia. Watoto wetu hutucheka, kwa sababu wimbo huohuo wanao kwenye simu zao.

Mwaka huu, sikukuu ya uhuru ilipokaribia, mjadala ulikuwa mkali. Ndugu wa Louisville aliweka "Indépendance Cha Cha" na kusema huo ndio wimbo wa kufungulia sherehe. Mzee wa Columbus alikataa. Alisema wimbo ule ulitudanganya, maana tulicheza cha-cha-cha kabla ya kuuona uhuru wenyewe, na leo tunausherehekea ugenini. Yeye aliweka Mwenda Jean Bosco. Wa Buffalo aliweka Super Mazembe, labda ili kuwapatanisha. Makala haya yametokana na mabishano hayo, kwa sababu ukizifuata santuri hizo tatu utaipata sehemu kubwa ya historia yetu, pamoja na sababu ya sisi kuwa hapa.

Jina la jazz lilitoka wapi?

Mmarekani anayependa jazz ukimpa santuri ya OK Jazz, ataisikiliza kwa furaha kisha atakuuliza jazz yenyewe iko wapi. Ana haki ya kuuliza. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza 1953, na OK Jazz ya akina Franco mwaka 1956, huko Léopoldville, Kinshasa ya leo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz. Bendi hizo hazikupiga muziki wa New Orleans au Harlem. Kwa masikio ya wakati ule neno jazz lilimaanisha usasa: magita, saksofoni, tarumbeta, ngoma za kukalia kitini, na vijana waliovaa suti.

Muziki waliouiga zaidi ulitoka Cuba. Kuanzia 1933 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika santuri zilizopewa herufi GV, nyingi zikiwa za rumba na son. Mabaharia, makarani na wafanyakazi wa reli walizinunua, wakacheza nazo, na wenye magita wakazijifunza kwa sikio. Muziki huo haukuwa mgeni kabisa. Miongoni mwa watu waliochukuliwa utumwani hadi Cuba walikuwamo wengi kutoka nchi za Mto Kongo, na midundo yao ilibaki huko. Kwa hiyo santuri ya GV iliyoshuka bandarini Matadi ilikuwa kama mjukuu aliyerudi kwa babu yake akizungumza Kihispania.

Baadaye wafanyabiashara wa Kigiriki walifungua studio Léopoldville: Ngoma mwaka 1948 na Loningisa mwaka 1950. Tangu hapo wanamuziki wetu waliacha kuwa wanunuzi wa santuri tu, nao wakaanza kuzitengeneza.

Santuri ya Louisville: meza moja

Januari 1960 wanasiasa wa Kongo waliitwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara. Lumumba alitolewa gerezani ili ahudhurie. Siku chache baadaye tarehe ikakubaliwa: Juni 30, 1960. Kabasele na African Jazz walikuwa Brussels wakati huohuo, wamepelekwa kuwatumbuiza wajumbe. Mara tarehe ilipojulikana wakatunga wimbo na kuurekodi hukohuko Ubelgiji. Ulitolewa kwa lebo ya Kabasele mwenyewe, Surboum African Jazz, na redio zikaupeleka mbali. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wimbo wa Kilingala ukaimbwa hata na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo.

Watu wengi hukumbuka kiitikio na gita la Docteur Nico. Wachache husikiliza majina yanayotajwa. Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Bolikango, Tshombe: wote wamo, wamepangwa pamoja kama wageni wa harusi moja. Hata wapigaji hawakuwa wa bendi moja. Vicky Longomba na Brazzos walitoka OK Jazz, wapinzani wakubwa wa African Jazz kule mjini. Kwa wiki chache Brussels, upinzani huo uliwekwa kando.

Yaliyofuata tunayajua. Julai 11, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kuitenga Katanga. Agosti Kalonji akafanya vivyo hivyo Kasai Kusini. Septemba Kasavubu na Lumumba wakafukuzana madarakani. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kwa hiyo Mzee wa Columbus ana hoja. Santuri ile ina dakika tatu za umoja ambao haukudumu hata mwaka mmoja.

Katikati ya msiba huo jazz ya Marekani ilikuja kwetu kwa miguu yake. Oktoba 1960 Louis Armstrong alifika Léopoldville katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani, akabebwa juu ya kiti kama chifu huku umati ukishangilia. Siku hizo Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika mji huohuo, askari wamemzunguka. Novemba Armstrong alipiga pia Élisabethville, chini ya miezi mitatu kabla ya mauaji yale. Wazee waliomwona walipenda tarumbeta lake, na hawakukosea kulipenda. Lakini ni vizuri tujue kwamba muziki unaweza kutumwa kazi ambayo mpigaji mwenyewe hakuambiwa.

Santuri ya Columbus: gita la Likasi

Mwenda Jean Bosco alizaliwa 1930 huko Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi, akamrekodi nyimbo kadhaa, ikiwemo "Masanga". Kampuni ya Gallotone ya Johannesburg ilizitoa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo. Mtu mmoja na gita moja, lakini ukisikiliza utadhani wako wawili. Na anaimba Kiswahili, Kiswahili chetu cha Katanga, kile ambacho shuleni walituambia si sahihi.

Santuri hizo zilisikika Zambia, Kenya, Uganda na Tanganyika, na wapiga gita wa Nairobi wakajifunza kwazo. Mwaka 1969 Mwenda alikuja hapa Marekani kupiga kwenye tamasha la Newport. Alifariki 1990 kwa ajali ya barabarani.

Mzee wa Columbus anasema Mwenda hakuahidi chochote. Hakuimba uhuru wala chama. Aliimba maisha ya watu wa mgodini na mjini, na maisha hayo yalikuwa ya kweli. Baba yake alikuwa na santuri hizo Kalemie. Nilipomuuliza ziko wapi alinijibu, "Sikukimbia na santuri, nilikimbia na watoto." Aliyo nayo sasa aliinunua hapa, kwenye duka la vitu vilivyotumika. Wengi wetu tunanunua upya kwa dola vitu vilivyokuwa sebuleni kwetu.

Santuri ya Buffalo: njia ya Nairobi

Santuri ya tatu ni ya watu waliohama. Super Mazembe walitoka Katanga, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi katika miaka ya 1970. Baba Gaston wa Likasi alihamia huko pia. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliunda Nairobi bendi aliyoipa jina la milima yetu ya moto, Virunga, na mwaka 1982 akatoa "Malako". Remmy Ongala wa Kindu alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu kulikuwa na studio, kampuni na kiwanda cha kuchapa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda hicho. Bendi zake zilirekodiwa kwenye tepu za Radio Tanzania, na zilipotaka santuri zilitegemea Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, njia hiyo ikazibwa. Ndiyo maana nyimbo nyingi tulizozisikia redioni tukiwa Kigoma hazipatikani kwenye santuri.

Wanamuziki hao walitangulia njia ambayo wengi wetu tuliipita baadaye tukiwa na mabegi na kadi za wakimbizi. Walipofika walibadilisha lugha, kutoka Kilingala kwenda Kiswahili, ili wenyeji wawaelewe. "Shauri Yako" imeimbwa kwa lugha ambayo Mkenya, Mtanzania na mtu wa Bukavu wote wanaicheza bila mkalimani.

Jazz ya hapa

Sasa tunaishi katika miji ambayo ina jazz yake, na mara nyingi tunaipita bila kuijua. Lionel Hampton, aliyeifanya vibrafoni kuwa ala ya jazz, alizaliwa Louisville mwaka 1908. Helen Humes, aliyeimba na Count Basie, ni wa Louisville pia, 1913. Mtaa wa Walnut, uliokuwa na klabu na maduka ya Wamarekani weusi, ulibomolewa kwa mipango ya kuujenga upya mji, na leo barabara hiyo inaitwa kwa jina la Muhammad Ali. Huyo ndiye mwana wa Louisville aliyepigana Kinshasa Oktoba 30, 1974. Wiki chache kabla ya pambano hilo Franco, Tabu Ley, Abeti, James Brown, B.B. King na Celia Cruz wa Cuba walipanda jukwaa moja Kinshasa.

Columbus ndiko alikozaliwa Rahsaan Roland Kirk mwaka 1935, kipofu aliyeweza kupuliza saksofoni tatu kwa wakati mmoja. Buffalo, wanamuziki weusi walipokosa nafasi katika chama cha wazungu waliunda chama chao mwaka 1917, na kutokana nacho ikapatikana Colored Musicians Club kwenye barabara ya Broadway. Duke Ellington na Dizzy Gillespie walipita hapo. Waliofungiwa mlango walijenga nyumba yao wenyewe, na historia yao wameiwekea makumbusho humohumo. Nadhani sisi wa jumuiya tuna la kujifunza hapo.

Tulichokubaliana

Santuri inataja mtunzi na bendi, mara nyingi bila zaidi ya hapo. Nani alipiga gita la pili, nani aliitikia, wimbo ulimhusu nani: hayo yamo vichwani mwa wazee wetu, na kila mwaka tunawazika wachache. Kwa hiyo tunaomba kila mwenye santuri aandike anachokijua kwenye karatasi na kuitia ndani ya jalada. Kijana mwenye simu amrekodi babu au bibi yake wakati wimbo unapigwa. Msisubiri mtaalamu kutoka chuo kikuu.

Na wimbo wa kufungulia sherehe? Wa Louisville hakukubali kuuacha, na Mzee wa Columbus hakukubali usikike kama burudani tu. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetoa njia. "Indépendance Cha Cha" itapigwa. Lakini kabla sindano haijashuka, kijana mmoja atasoma kwa Kiswahili majina yaliyomo katika wimbo, na baada ya kila jina atasema lililompata mtu huyo. Kisha tutacheza.

Baada yake Mzee ataweka "Masanga". Ameshasema santuri hiyo ataishika kwa mikono yake mwenyewe.

Heri ya Juni 30 kwa ndugu wote wa Louisville, Columbus na Buffalo.