Gari la Mauti Lililozungushwa kwa Mkono

Atakayekata roho wa mwisho usiku wa kuamkia mwaka mpya hapati kupumzika. Hukabidhiwa gari chakavu la farasi, akashika hatamu mwaka mzima kuzoa roho za wafu. Hicho ndicho kisa ambacho Selma Lagerlöf wa Uswidi alikiandikia riwaya yake ya 1912, Körkarlen. Victor Sjöström alipoigeuza kuwa filamu isiyo na sauti, siku ya kuizindua ilijichagua yenyewe: 1 Januari 1921.

Lagerlöf hakuwa wa kuchezewa. Mwaka 1909 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nobel ya Fasihi. Sjöström alifunga safari hadi nyumbani kwake Mårbacka kumsomea mswada. Bibi huyo alitaka picha zipigwe Landskrona, mji wenyewe wa kisa hicho. Sjöström akang'ang'ania studio mpya za Råsunda, pembeni mwa Stockholm. Kwa hili namuunga mkono Sjöström. Mizuka ile isingepigika mtaani.

Kamera ya mpigapicha Julius Jaenzon ilizungushwa kwa mkono. Alipiga chumba na watu wake, mkanda ukarudishwa nyuma, kisha akapiga juu yake mzuka peke yake, mkono ukienda kwa kasi ileile. Ukikosea, kazi yote imeharibika. Vipo vipande vilivyopitishwa mara kadhaa. Ndipo tunaona gari jepesi kama moshi likikanyaga mawimbi, na mwendeshaji akishuka chini ya bahari kumchukua aliyezama.

Ila kinachonitisha mimi si mzuka, ni mlango. David Holm, mlevi anayeigizwa na Sjöström mwenyewe, amefungiwa jikoni na mkewe anayetaka kutoroka na watoto. Anatwaa shoka. Mbao zinapasuka, mama anahangaika kuwavisha wanawe. Waliotazama The Shining ya Stanley Kubrick (1980) wataukumbuka mlango huo.

Mwongozaji Ingmar Bergman aliipenda filamu hii tangu ujanani. Mwaka 1957 alimpa Sjöström, mzee sasa, nafasi kuu katika filamu yake Smultronstället. Mwanzoni mzee anaota yuko kwenye barabara tupu. Gari la farasi lenye jeneza linakuja, gurudumu linanasa kwenye nguzo ya taa na kung'oka. Kiti cha mwendeshaji hakina mtu.